Shin-Soo Choo: medali moja, dola milioni 130 na deni la jeshi

Haya wadau, leo tuiache Premier League kidogo tuongelee besiboli. Najua wengi hatuufuatilii huo mchezo, ila kisa hiki hakihitaji ujue sheria zake. Kinamhusu Mkorea anaitwa Shin-Soo Choo, aliyestaafu mwaka 2024 akiwa na miaka 42. Kazi yake uwanjani ilikuwa kukaa nyuma kabisa, kule mbali, na kudaka mipira inayopigwa juu. Ila aliyeogopwa zaidi alikuwa Choo mwenye gongo mkononi.

Alizaliwa Busan mwaka 1982. Mwaka 2000 akiwa bado kijana wa shule, alikuwa mrusha mpira wa mkono wa kushoto, na Korea Kusini ikabeba ubingwa wa dunia wa vijana, yeye akiwa mchezaji bora. Seattle Mariners ya Marekani ikamsainisha kwa zaidi ya dola milioni moja. Walipomwangalia vizuri wakaona anapiga mpira kuliko anavyourusha, wakamhamishia nyuma. Balaa ni kwamba nafasi yake ilikuwa na Ichiro Suzuki wa Japani, na Ichiro wa wakati ule huwezi kumweka benchi. Choo akasota timu za chini miaka mingi, ligi kuu akaionja 2005, na 2006 akauzwa Cleveland. Huko ndiko alikong'ara. 2009 na 2010 alipiga mipira 20 na zaidi ikavuka ukuta, na akaiba vituo zaidi ya 20, misimu miwili mfululizo.

Sasa tuje kwenye utamu wenyewe. Korea Kusini jeshi si hiari. Vita vya 1950 hadi 1953 na ndugu zao wa Kaskazini viliishia kwenye makubaliano ya kusitisha mapigano tu, mkataba wa amani haujasainiwa mpaka leo. Kwa hiyo kila mwanaume mwenye afya lazima akatumikie, na enzi za Choo ilikuwa karibu miaka miwili. Mwanamichezo ana mlango mmoja wa kutokea: medali yoyote ya Olimpiki, au dhahabu ya Michezo ya Asia. Ukipata, unafanya mafunzo ya wiki chache badala ya kukaa jeshini muda wote. Ndiyo sheria ileile iliyomwokoa Son Heung-min wakati yuko Tottenham, walipochukua dhahabu Indonesia 2018.

Angalieni jinsi bahati ilivyomchezea Choo. Machi 2006 Korea ilifika nusu fainali ya kombe la dunia la besiboli, serikali ikafurahi ikawasamehe wachezaji jeshi. Choo hakuitwa. 2008 Korea ikachukua dhahabu ya Olimpiki Beijing. Choo hayumo, maana ligi kuu ya Marekani haikuruhusu wachezaji wake kwenda. 2009 akaitwa kombe la dunia, wakafika fainali na Japani, na kwenye fainali hiyo akapiga mpira ukavuka ukuta. Korea ikawa ya pili. Zawadi? Hakuna! Ile ofa ya 2006 ilishafutwa.

Ikabaki Michezo ya Asia ya 2010, Guangzhou, China. Ana miaka 28, muda unamkimbia. Njia nyingine ingekuwa kuchukua uraia wa Marekani, lakini Wakorea hawajamsahau mwanamuziki Steve Yoo, aliyefanya hivyo 2002 kabla ya kwenda jeshi, akapigwa marufuku kuingia nchini. Novemba 19 Korea ikaifunga Taiwan 9-3. Dhahabu. Choo huru.

Hesabu za mfukoni sasa. 2010 mshahara wake ulikuwa chini ya dola nusu milioni. Desemba 2013 Texas Rangers wakampa mkataba wa miaka saba, dola milioni 130. Jamani, ukikaa kambini miaka miwili katikati ya ujana wako wa michezo, mkataba kama huo unausikia redioni tu.

Halafu maneno yakaanza. Baada ya Guangzhou hakuonekana tena timu ya taifa, hata kombe la dunia la 2013. Watu wakasema amechukua msamaha akasepa. Wengine wakamtetea kwamba alikuwa amehamia timu mpya Cincinnati na alihitaji kujiandaa.

Mimi msimamo wangu ni huu: kasoro iko kwenye sheria. Choo wa fainali ya 2009 na Choo wa Guangzhou ni mtu yuleyule, jasho lilelile. Mmoja alirudi mikono mitupu, mwingine akasamehewa, tena kwenye mashindano mepesi zaidi, maana Japani kule hupeleka wachezaji wa ridhaa. Sheria inayolipa siku moja inamfundisha mtu kutafuta siku moja. Ndiyo maana 2018 ikazuka kelele kwamba timu ya Michezo ya Asia ilipangwa ili kuwasaidia watu wakwepe jeshi, hadi kocha Sun Dong-yol akaitwa bungeni kuhojiwa. Mwezi uliofuata akajiuzulu. Na alikuwa ameshinda dhahabu!

Choo mwenyewe alirudi nyumbani 2021, SSG Landers ya Incheon, kwa won bilioni 2.7, na bilioni moja akaitoa msaada. 2022 wakawa mabingwa. Msimu wa mwisho alikubali kulipwa kima cha chini cha ligi, won milioni 30. Wanaomsema watasema alirudi kashashiba, na ni kweli. Lakini hakuna sheria iliyomlazimisha kurudi.

Kwangu mimi, ingekuwa haki kuhesabu miaka ambayo mtu ameitumikia jezi ya taifa, ashinde au ashindwe, badala ya kuangalia medali iliyopatikana jioni moja. Na kijana fundi magari wa Busan, ambaye hana mashindano ya kwenda kushinda, yeye mlango wake uko wapi? Hilo sina jibu lake.

Mnasemaje wadau? Ungekuwa Choo 2010, medali ikakosekana, ungekwenda kambini au ungebadili pasipoti? Nawakilisha.