Mwizi wa Uvunguni

Ndugu msomaji, mkazi wa Mang'ula hahitaji kufundishwa habari za wezi. Nyuma ya nyumba yake umesimama msitu wa Udzungwa, ambao tangu mwaka 1992 ni Hifadhi ya Taifa, na humo wamo nyani na ngedere wanaoijua siku ya mahindi kukomaa kuliko mwenye shamba mwenyewe. Ndiyo maana kaya nyingi za huko hufuga mbwa. Huletwa nyumbani akiwa mdogo, akalishwa ugali na makombo, kwa tumaini kwamba baada ya miezi michache atakuwa askari wa shamba. Lakini askari huyo, kabla hajapata cheo, aghalabu huanza kwa kazi ya wizi.

Nilikwenda huko likizo kwa dada yangu, ambaye mumewe ni mfanyakazi wa reli, nikaikuta nyumba nzima inatafuta kiatu. Shemeji amesimama mlangoni, mguu mmoja umo kiatuni na wa pili umo katika soksi. Watoto wamelala kifudifudi wakichungulia uvunguni mwa kitanda, na huko gizani yanang'aa macho mawili. Huyo alikuwa mtoto wa mbwa mwenye umri wa miezi minne, jina lake Tutaona. Jina hilo alipewa na shemeji, kwa kuwa majirani walisema hataishi. Niliambiwa kwamba kwa juma moja tu alikwisha kuchukua ndala tatu (zote za kushoto, na sababu yake hakuna aliyeweza kunieleza), mwiko, kilemba cha bibi na kadi ya kliniki ya mtoto mchanga. Kila alichokipata alikipeleka uvunguni, na aliyemfuata alikaribishwa kwa mngurumo.

Dawa ya shemeji ilikuwa fimbo ya mpera. Kila jioni alipotoka kazini alisomewa makosa ya siku, naye akamwadhibu mkosaji. "Mtazame anavyoinamisha kichwa," aliniambia. "Anajua alilolifanya."

Sivyo, ndugu msomaji, ingawa nusu ya wafugaji wa mbwa ninaowafahamu wataapa kwamba ndivyo. Mwaka 2009 mtaalamu mmoja wa Marekani, Alexandra Horowitz, alitangaza matokeo ya jaribio lake kuhusu jambo hili hili. Mbwa waliachwa na chakula walichokatazwa, kisha wenyewe wakarudi na kuambiwa kwamba mbwa amekila au hakukila, na mara nyingine habari hiyo haikuwa ya kweli. Ikaonekana kwamba ile sura ya majuto haikufuata kosa hata kidogo. Ilifuata ukali wa bwana, na mbwa aliyekaripiwa bure ndiye aliyeonekana kujuta zaidi. Tutaona, basi, aliinamisha kichwa kwa sababu aliiona fimbo. Kile kiatu cha asubuhi hakikuwamo tena katika mawazo yake. Alichojifunza ni kwamba shemeji arudipo jioni, uvunguni ndipo mahali salama.

Na kwa nini aliiba? Sababu ya kwanza ilikuwa kinywani mwake. Mtoto wa mbwa huwa na meno 28 ya utoto, nayo huanza kung'oka afikishapo miezi mitatu au minne, yakapisha meno 42 ya ukubwani. Katika kipindi hicho fizi humwasha na hutafuta cha kutafuna. Ndala na soksi zina harufu ya watu wake, na kwa mbwa hiyo ni tamu kupita manukato yoyote. Lakini sababu kubwa tuliifanya sisi wenyewe. Hebu ifikirie siku ya Tutaona: tangu asubuhi amefungwa kamba chini ya mwembe, hakuna amwitaye wala amtembezaye. Jioni akifunguliwa, akakamata mwiko, mara dada anapiga ukelele, watoto wanakimbia, bibi ananyanyuka na mkongojo wake. Wewe ungekuwa mtoto uliyeshinda peke yako kutwa nzima, ungeurudisha mwiko huo?

Haya yote yangebaki kuwa ya kuchekesha, lau si jambo lililotokea Jumamosi ile. Mpwa wangu mwenye umri wa miaka minane aliona daftari lake la shule likivutwa kwenda uvunguni. Akaingiza mkono kulichukua. Mbwa aliyebanwa pembeni hana njia nyingine ya kusema hapana, naye akamng'ata kifundo cha mkono, damu ikatoka. Shemeji alitoka nje na kurudi na panga.

Nilimshika mkono. "Shemeji, mbwa huyu amechanjwa?" Hakuchanjwa. Siku ya chanjo familia ilimwona mdogo mno, ikamwacha nyumbani. Hilo ni kosa ambalo wengi hulifanya, kwani mtoto wa mbwa anaweza kuwa na kichaa na kukiambukiza sawasawa na mbwa mkubwa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba ugonjwa huo huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao katika Asia na Afrika, na miongoni mwao wamo watoto wengi. Dalili zikishaonekana kwa mgonjwa, takriban hakuna anayepona. Kabla ya dalili, hata hivyo, chanjo huokoa, na ndiyo sababu kila saa ina thamani.

Ikiwa yatakufika haya, kimbilia maji na sabuni kwanza. Tulikiosha kidonda cha mtoto chini ya maji yanayotiririka kwa dakika 15 kwa saa ya ukutani, naye akilia, na dakika 15 ni nyingi kuliko unavyodhani. Jirani mmoja mwema alileta mafuta ya taa na mwingine akashauri majivu. Tuliwashukuru, tukavikataa vyote viwili. Kisha mtoto akapelekwa hospitali Ifakara siku ile ile, akachomwa sindano ya kwanza.

Na lile panga? Lingemwua shahidi wetu pekee. Mbwa anayeambukiza kichaa kwa kung'ata huonyesha ugonjwa na kufa upesi. Akitimiza siku 10 baada ya kung'ata akiwa mzima, ni dhahiri kwamba siku ile mate yake hayakuwa na ugonjwa, na daktari anaweza kuzisimamisha sindano zilizobaki. Ukimwua na kumzika, umezika na jibu. Kwa hiyo Tutaona alifungwa mahali pa peke yake, watoto wakakatazwa kumkaribia, na dada na mimi tukawa walinzi wake.

Siku hizo 10 ndizo zilizomfundisha, au labda zilitufundisha sisi. Uvungu wa kitanda tuliuziba kwa masanduku. Badala yake alipewa gunia pembeni mwa ukumbi, na ikawa sheria kwamba akiwa hapo hasumbuliwi. Viatu vilihamia juu ya kabati. Akinyakua kitu, hakuna aliyekimbia wala kupiga kelele. Dada alikaa kwenye kigoda, akamrushia dagaa mmoja karibu na miguu yake mwenyewe na kusema, "Achia!" Siku ya kwanza Tutaona alikaa na kitambaa mdomoni muda mrefu, akitutazama kama tuliorukwa na akili. Harufu ya dagaa ikamshinda. Alipoachia tu, dada alimrushia dagaa wa pili mbali kidogo, kisha akakiokota kitambaa taratibu. Kufika siku ya sita neno lilitosha kabla ya dagaa kuonekana.

Kwa fizi zake tulimpa mfupa mkubwa wa ng'ombe. Usimpe ndala kuukuu, maana hawezi kuitofautisha na mpya. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, ambayo hupasuka vichoma, wala gunzi la muhindi, ambalo akilimeza huweza kumziba matumbo.

Siku ya 10 shemeji ndiye aliyetangulia kuamka. Nilimsikia nje akiita, kisha nikasikia bakuli la bati likiburutwa sakafuni. Mbwa alikuwa anakula. Daktari alizisimamisha sindano, na baadaye bwana mifugo akamchanja Tutaona kwa mara ya kwanza.

Dada ameniandikia hivi karibuni. Mpwa wangu hajambo na alama mkononi imefifia. Uvunguni hakuna tena kinachopotea, lakini limezuka jambo jipya: Tutaona sasa huubeba mwiko mwenyewe mpaka jikoni, huuweka chini mbele yake, na kukaa akingoja dagaa wake. Nimemjibu asimlipe kila mara, na kwamba anapolala na mfupa wake bila kuudhi mtu, hapo ndipo amtupie dagaa. Shemeji anasema biashara hiyo haimhusu. Kiatu chake kingali juu ya kabati.