Mgeni Njoo, Nani Apone? Uinjilisti wa Bwenini na Mazungumzo Yasiyotarajiwa

Wahenga walipolonga kuwa mgeni njoo mwenyeji apone, hawakueleza ni nani hasa anayepaswa kuhesabiwa kuwa mgonjwa. Aghalabu methali hii hufasiriwa kwa upande mmoja tu: mgeni huja na dawa, mwenyeji hukaa akiingoja. Ufasiri huo ndio unaoelekea kutawala shughuli moja iliyozoeleka mno katika vyuo vikuu vya Kenya, nayo ni uinjilisti wa mlango kwa mlango katika mabweni. Inapowadia wiki ya misheni, vijana wa kiume na wa kike wa Umoja wa Wakristo hutoka wawili wawili, Biblia mkononi na vijitabu mkobani, wakabisha milango ya watu wasiowajua. Wanayo ya kusema. Swali linalostahili kuulizwa ni iwapo wanayo nafasi ya kusikia.

Desturi hii haikuzuka jana. Umoja wa wanafunzi Wakristo wa Cambridge, Uingereza, uliasisiwa mwaka 1877, na mfano wake ukaenea katika vyuo vingi duniani. Nchini Kenya, ushirika unaoziunganisha jumuiya hizo, FOCUS, uliundwa mwaka 1973. Kutoka Marekani ulikuja mkondo mwingine, Campus Crusade for Christ, chama kilichoasisiwa na Bill Bright mwaka 1951 katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Bright ndiye aliyetunga kijitabu mashuhuri cha kanuni nne za kiroho, ambacho kimetafsiriwa katika lugha nyingi. Ubora wa kijitabu hicho ni wepesi wake: hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mwenye haya anaweza kukishika, akasoma ukurasa kwa ukurasa, akafika mwisho kwenye sala. Udhaifu wake nao umo humo humo. Kimekwisha kuamua ni nini kitakachoulizwa na ni nini kitakachojibiwa. Yule aliyefungua mlango amepewa nafasi ya mhusika bapa katika tamthilia: anatakiwa aitikie tu ili onyesho liendelee.

Hata hivyo, binadamu si wahusika bapa. Anayefungua mlango huenda ni mwanafunzi ambaye pesa za Bodi ya Mikopo zimechelewa na hajala tangu jana, anayesikia habari za mkate wa uzima huku tumbo likimnguruma. Huenda ni kijana aliyekuwa akiongoza nyimbo za sifa kanisani kwao, akaacha kwa sababu anazozijua mwenyewe, na ambaye anavielewa vifungu vyote kumshinda mgeni wake. Huenda ni binti aliyefiwa na mzazi mwezi uliopita, na ambaye swali lake si kama Mungu ana mpango na maisha yake, bali ni kwa nini mpango huo ulipitia wodini. Huenda ni Mwislamu anayempa mgeni kiti na chai, akamweleza aliyofunzwa madrasa kuhusu Nabii Isa na mamake Maryamu, kisha akataka kusikia upande wa pili nao unasemaje. Huenda ni mtu asiyeamini lolote, anayeuliza kwa utulivu: “Umeokolewa kutoka kwa nini?” Hakejeli, anataka kujua.

Hapo ndipo mazungumzo yasiyotarajiwa huanza, na hapo ndipo wainjilisti wengi hurudi mbio kwenye ukurasa. Swali huonekana kuwa kikwazo kinachowachelewesha kufika mlango wa pili. Ilhali ukweli ni kinyume chake: swali hilo ndilo kazi yenyewe. Kabla yake palikuwa na usomaji tu; baada yake pana watu wawili.

Kwa mtazamo wa isimujamii, sehemu kubwa ya tatizo ni ya sajili. Kila kundi la watu wanaokutana mara kwa mara hujijengea msamiati wake, na sajili ya wokovu ni tajiri kwa istilahi: kuokoka, kuzaliwa upya, kuoshwa kwa damu, kubeba mzigo, kurudi nyuma. Miongoni mwa waumini, istilahi hizi hufupisha maelezo marefu. Kwa asiyekuwa mmoja wao, ni ukuta. Hata salamu yenyewe huweka mpaka: “Bwana asifiwe” hudai jibu moja mahsusi, na asiyelitoa hujikuta amekwisha kupangwa upande wa nje kabla ya kutaja jina lake. “Hodi” na “hujambo” ni mali ya kila msemaji. Kwa hiyo yule anayeuliza mwenzake ameokolewa kutoka kwa nini humfanyia mwinjilisti hisani isiyopatikana kijitabuni: humlazimisha aitafsiri imani yake kutoka Kiswahili cha kanisani hadi Kiswahili cha watu wote. Asiyeweza kufanya tafsiri hiyo huenda bado hajaelewa vyema anachokiamini.

Lugha ina somo jingine. Maneno “habari” na “hubiri” yote mawili yana asili katika shina moja la Kiarabu. Kuhubiri ni kutoa habari. Kusalimu kwa Kiswahili ni kuomba habari. Mwinjilisti anayeuliza “habari yako?” kisha asingoje jibu amewatenganisha ndugu wawili wa tumbo moja. Isitoshe, kitenzi “hubiri” ni nadra kukikuta katika kauli ya kutendana. Watu hawana mazoea ya kuhubiriana. Lakini husemezana, hujibizana na husikilizana. Na inaposemwa kwamba fulani na fulani wanasikilizana, haikusudiwi kazi ya masikio pekee, bali kwamba watu hao wanapatana.

Mapokeo ya Kikristo yenyewe yanaunga mkono hoja hii. Katika Injili ya Yohana, sura ya 4, Yesu anapokutana na mwanamke Msamaria kisimani, haanzi kwa hotuba, anaomba maji. Anaanza akiwa mhitaji, mbele ya mtu wa jamii ambayo Wayahudi hawakuchangamana nayo. Mwanamke huyo anauliza, anapinga, tena anaigeuza mada hadi kwenye mzozo wa mahali pa kuabudia, na swali lake linapewa jibu lake. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 8, Filipo anamkaribia towashi wa Ethiopia kwa swali, tena swali kuhusu kitabu ambacho msafiri huyo alikuwa tayari anakisoma. Safari ya maneno inaanzia pale alipo mwenyeji, si pale anapotaka mgeni.

Fauka ya hayo, wanafunzi wa Kiswahili wana sababu ya pekee ya kuyathamini mazungumzo ya aina hii, kwani taaluma yao ina deni kwayo. Ludwig Krapf wa Church Missionary Society alifika Mombasa mwaka 1844 akiwa na nia ya kufundisha. Haukupita muda kabla hajawa mwanafunzi: kadhi mmoja wa Mombasa alimsaidia kuanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Kamusi ya Krapf ilitoka London mwaka 1882, baada ya kifo chake. Baadaye William Taylor wa shirika hilo hilo alikuja Mombasa kuhubiri. Lakini kinachomfanya akumbukwe na wasomi wa fasihi ni muda alioutumia pamoja na Mwalimu Sikujua, Mwislamu aliyemsaidia kuyakusanya na kuyahifadhi mashairi ya Muyaka bin Haji. Kutokana na hazina hiyo, William Hichens alichapisha diwani ya Muyaka mwaka 1940. Si siri kwamba wamisionari hao walikuja na dharau za zama zao, na kwamba nyuma yao ulifuata utawala wa kikoloni. Waislamu wa Mombasa waliowabatiza walikuwa wachache mno. Lakini pale walipofunga midomo na kufungua daftari, kilipatikana kitu ambacho hakuna aliyekipanga, nacho kingali kinasomwa madarasani.

Ipo sababu nyingine iliyo nzito zaidi. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, wapiganaji wa Al-Shabaab walivamia chuo kikuu mjini Garissa, wakawatenga watu kwa misingi ya dini, na kuwaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Tangu siku hiyo, swali “wewe ni wa dini gani?” linapoulizwa na mtu asiyejulikana mlangoni mwa bweni, halina tena wepesi liliokuwa nao awali. Linaweza kuulizwa ili kuwatenga watu, na linaweza kuulizwa ili kuwajua. Chumba ambamo Mkristo na Mwislamu wameketi nusu saa, wakatofautiana waziwazi kuhusu Utatu, na bado wakaagana kwa heri, hakikupoteza muda wa misheni. Ni mahali ambapo vijana wawili wamejifunza kutofautiana bila kuogopana, na somo hilo haliko katika ratiba ya kitivo chochote.

Wapo watakaopinga. Kundi la kwanza litasema kwamba Agizo Kuu ni la kutangaza, si la kupiga gumzo, na kwamba mwinjilisti asiye na mpango huishia kuzungumzia soka na bei ya unga. Hoja hii ina uzito. Hakuna anayedai kuwa mwinjilisti aufiche ujumbe wake. Kufanya hivyo ni hadaa, na mwenyeji ana haki ya kujua mgeni amekuja kwa lipi. Lakini kutangaza hakuzuiwi na kusikiliza. Daktari anayeandika dawa kabla ya mgonjwa kueleza maumivu yake hasifiwi kwa bidii. Kundi la pili litasema shughuli yote ipigwe marufuku mabwenini, maana chumba cha mtu ni faragha yake. Hili nalo lina msingi. Katiba ya mwaka 2010 inalinda faragha katika kifungu cha 31, na kifungu cha 32, kinachompa kila mtu uhuru wa kudhihirisha dini yake, hakimruhusu yeyote kumlazimisha mwenzake. Lakini kubisha si kuvunja. “Hodi” ni ombi, na ombi lina majibu mawili. Anayejibu “leo hapana” aachwe kwa amani, wala asihesabiwe kuwa na moyo mgumu. Pengine ana mtihani kesho.

Basi lifanyike nini? Kwanza, mafunzo yanayotangulia misheni yasiishie kwenye kukariri vifungu. Wainjilisti wafunzwe kuuliza swali ambalo hawajui jibu lake, na kulingoja jibu hilo hata likichelewa. Pili, waijue mipaka yao. Yapo mazungumzo yanayoupita uwezo wa kijana wa miaka 20: mwenzake anapomfunulia kwamba amechoka kuishi, huo si wakati wa kumaliza kijitabu. Ni wakati wa kuketi naye, kutomwacha peke yake, na kuhakikisha amefikishwa kwa mshauri wa wanafunzi siku hiyo hiyo. Tatu, mwinjilisti arudi. Aliyepokewa kwa chai Jumanne akaonekana tena baada ya wiki mbili, bila kijitabu, atakuwa amethibitisha kwamba hakuja kutafuta idadi. Nne, ripoti za misheni zibadilike. Aghalabu hutangazwa idadi ya waliosali sala ya toba, na umati hupiga makofi. Ingefaa zaidi kila jozi iulizwe pia ilisikia nini, ni swali gani lililoishinda, na ni jambo gani ililojifunza kutoka kwa mtu ambaye haikumjua asubuhi.

Vyama vya Kiswahili navyo vina mchango wa kutoa. Vina wanafunzi wanaosomea sajili, adabu za mazungumzo na sanaa ya kujibizana. Viwaalike wenzao wa Umoja wa Wakristo, na wa vyama vya Waislamu vilevile, wajadiliane jinsi ya kuzungumzia mambo mazito kwa lugha isiyomfungia mtu nje. Faida itakuwa ya pande zote. Mwinjilisti aliyekwenda kuponya akarudi ameponywa kiburi chake hakushindwa kazi, na mwenyeji aliyesikilizwa kwa nusu saa bila kukatizwa hakupoteza jioni yake, hata kama hawakuafikiana kwa lolote. Kusikilizana ndiko mwanzo wa kupatana, na hakuna aliyewahi kusikilizana na mtu ambaye hakumpa zamu ya kusema.