Artikle 15 haifundishe mtoto kusoma



Mwezi wa tisa ukifika, vijana wa umri wetu wanapewa chaki na kuonyeshwa mlango wa darasa. Wana diploma ya Serikali, walisoma pedagozi, walifanya staji: masomo machache mbele ya wanafunzi wenzao waliokuwa wanaandika makosa yao kwenye karatasi. Basi, ni hiyo tu. Direkta anasema: « Ingia, fundisha. » Ndani wanakuta watoto 80, mara nyingine zaidi ya 100, na kitabu kimoja, kile cha mwalimu.

Sote tunaijua ile sheria isiyoandikwa popote, Artikle 15: jitafutie! Nchi hii imeifanya kuwa chuo cha walimu.

Sheria iliyoandikwa inasema kitu kingine. Kifungu cha 43 cha Katiba: shule ya msingi ya Serikali ni ya lazima na ya bure. Tangu 2019 watoto waliokuwa nyumbani juu ya minervali wameingia kwa wingi, na ni vizuri. Lakini walimu wengi waliowapokea wamebaki wale tunaita NU, bila jina kwenye listi ya mishahara, na mchango wa wazazi uliokuwa unawashikilia umekatwa. Vita ya mshahara tunaijua, haijaisha na hatutaiacha. Ila kuna deni lingine ambalo hata sendika hazilipigie kelele: mwalimu mpya hana mtu wa kumsindikiza.

Watatujibu: « Inspekta iko. » Iko, ndiyo. Anakuja kufanya nini? Anafungua fishi za maandalizi, anaangalia kama tarehe zimeandikwa, anatia sahihi, anangojea pesa ya transporti ambayo shule inachanga. Dakika 15, ameenda. Si wote, tuseme ukweli: kuna wazee wa kazi wanaokaa nyuma ya darasa mpaka kengele, kisha wanabaki na mwalimu kumuonyesha. Ni wachache, na wanafanya hivyo kwa roho yao, hakuna anayewatuma.

Watatujibu tena: « Tunafanyaka semina. » Siku tatu hotelini, banderoli, chai na mikate, picha ya pamoja. Jumatatu mwalimu anarudi mbele ya wale watoto 100 na swali lake lile lile: huyu wa nyuma ambaye hajashika hata herufi moja, nimfanye nini?

Programu ya Serikali inataka mtoto wa mwaka wa kwanza na wa pili afundishwe katika lugha ya taifa. Huku mashariki, Kiswahili. Tunaunga mkono. Lakini mwalimu mwenyewe pedagozi yote aliisoma kwa Kifaransa. Nani alimuonyesha namna ya kumfundisha mtoto kusoma « ng'ombe » ama « mbwa »? Hakuna. Basi anaandika Kifaransa ubaoni, anaeleza kwa Kiswahili, na watoto wanaimba sentensi wasiyoielewa. Benki ya Dunia inakadiria kwamba kwetu, watoto 97 juu ya 100 wa miaka 10 hawawezi kusoma na kuelewa habari fupi. Benki hiyo hiyo, mwaka 2020, ilikubali dola milioni 800 kwa shule zetu. Tunauliza: ngapi zimemfikia mwalimu aliye katika mwaka wake wa kwanza wa kazi?

Tunachodai hakihitaji jengo jipya. Kila mwalimu mpya apewe mwalimu mzoefu, wa shule yake ama ya jirani, kwa barua yenye majina yote mawili, mwaka mzima. Mara moja kwa juma mmoja aketi katika darasa la mwingine. Mzoefu alipwe kwa hiyo kazi, juu ya mshahara wake, si asante tu. Na asiwe yeye anayemtia maksi mwenzake: nani ataonyesha udhaifu wake kwa mtu anayeweza kumfukuzisha? Tena mwalimu mpya asitupwe katika mwaka wa kwanza kwa sababu wakubwa wanaukimbia.

Wewe uliyeanza kufundisha hivi karibuni, utuandikie: nani alikuja kukutazama darasani, alikaa muda gani, alikuambia nini? Usiweke jina lako wala la shule. Tutapeleka majibu yote kwa wakuu wa elimu wa jimbo na kwa wabunge wetu, mbele masomo hayajaanza.