SEHEMU YA 4: "DADA, NI VOLTI 12 TU"

Wiki iliyopita tuliongea mafuta ya taa. Leo naongelea lile boksi la bati kutoka kwenye kompyuta chakavu, pawa saplai, ambalo mafundi wetu hapa Tabora wanaligeuza kuwa chaja ya betri ya sola. Najua wengine mtanuna. Nuneni, lakini msome.

Naanza na kwangu. Asubuhi moja nimetoka zamu ya usiku, nafungua mlango wa chumbani, nakutana na harufu ya mayai viza. Betri iko sakafuni, ya moto. Pembeni yake boksi liko wazi bila mfuniko, na chandarua cha mwanangu kimeliangukia. Mtoto kalala. Nilimbeba nje kwanza, nikazima swichi kuu, nikafungua madirisha. Halafu ndo nikakaa chini nikatetemeka.

Nilipomwuliza fundi akanijibu, "Dada, ni volti 12 tu, haina madhara."

Hapo ndipo ninapogomba. Zile 12 ni za waya wa njano unaotoka. Zinazoingia ni 230 za TANESCO, na ndani ya boksi zinageuzwa kuwa zaidi ya 300, zinakaa kwenye kapasita. Hata ukichomoa plagi zinaweza kubaki humo kwa muda. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hajui waya upi ni wa njano. Anaingiza kijiko.

Na hizo 12 zenyewe fundi hakuziacha. Betri ya volti 12 ikijaa inasoma kama 12.7, kwa hiyo haiwezi kuchajiwa na 12. Lazima apandishe mpaka 14 na kitu. Boksi lina ulinzi wake: umeme ukizidi linajizima. Fundi akiona linajizima, anaua ulinzi.

Mji wetu ulikuwa kituo cha misafara ya Bagamoyo na Ujiji. Mpagazi ukimzidishia mzigo, anautua. Ulinzi ule ndiyo kutua kwenyewe. Wewe unamfunga mzigo mgongoni, halafu unashangaa akianguka?

Tena kwenye mengi ya zamani, ukipandisha waya wa njano, na mwekundu wa volti 5 unapanda, unakaribia 6. Ndo huohuo mnaounga simu. Na halijui betri ikijaa, linaendelea tu. Betri inachemka, inatoa haidrojeni, cheche moja inatosha kuilipua na kurusha asidi.

Mtaniambia, "Nesi, chaja ya dukani ni ghali." Kweli, hela ni ngumu, hata kwangu. Lakini ikitokea ajali, sijawahi kusikia mtu akimlaumu fundi. Wanasema mtoto mtundu, mama alikuwa wapi. MAMA ALIKUWA KAZINI. Utundu ni kazi ya mtoto. Kufunika boksi ni kazi ya mtu mzima.

Sisemi mafundi waache ubunifu. Boksi lisiloguswa ndani, lenye mfuniko, feni inayozunguka na fyuzi kwenye waya wa taa, liwekwe juu asikofika mtoto, liwashe taa zake za volti 12. Kuchaji betri ni kazi ya chaja ya betri, inayojua kuacha. Na betri ichajiwe penye hewa, sio chumba cha kulala.

Yakishatokea:
1. Mtoto kanaswa na umeme: zima swichi kuu KABLA ya kumshika.
2. Kaungua: maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika 20. Sio dawa ya meno, sio unga, sio asali.
3. Kaungua kwa umeme: hospitali, hata kama kidonda ni kama punje ya mtama. Umeme unaunguza ndani na unaweza kuvuruga moyo.
4. Asidi jichoni: maji mengi mfululizo dakika 20 au zaidi, halafu hospitali haraka.

Leo jioni, kabla ya kutandika chandarua, inama uangalie chini ya kitanda kuna nini. Ukikuta boksi, usiligombeze. Mgombeze baba mwenye nyumba. Mimi wangu nilimgomba, na chaja ya dukani tulinunua kwa kudunduliza miezi miwili.

Mtumie mama mwenzio. Na baba asome pia.