Bangi: Uharamu ni Mmoja, Adhabu ni Nyingine

Juzi barazani, baada ya sala ya Isha, vikombe vya kahawa vikizunguka, lilizuka suala la bangi. Mzee mmoja alilalama kuwa dunia imekwisha: Kanada iliihalalisha Oktoba 2018, Ujerumani ikafuata Aprili 2024, na kesho itakuwa ni zamu yetu. Kijana mmoja akamjibu kwamba bangi ni jani tu, kama mchicha. Mimi nilinyamaza. Nilikuwa nikimkumbuka mama mmoja.

Ndugu msomaji, miaka kadhaa iliyopita nilitunga shairi nikataka kila mvuta bangi atiwe ndani, asisamehewe hata mmoja. Nilipongezwa sana. Mwaka uliofuata mtoto wa jirani yangu, kijana wa miaka 19, alikamatwa na misokoto miwili, akafungwa. Aliingia jela mvuta bangi, akatoka teja wa unga. Mamake alinijia mlangoni akaniambia, "Maalim, shairi lako limetimia." Hakuongeza neno.

Sisemi kwamba bangi ni halali. La hasha! Kinachoondoa akili kimeharimishwa, na hilo halina mjadala kwetu. Lakini wanazuoni wetu walijua kupambanua. Ibn Taymiyya wa Damascus, aliyefariki 1328, aliihesabu hashishi kuwa ni kilevi kama mvinyo, na mlaji wake astahili hadi ya mlevi. Al-Qarafi wa Misri, aliyefariki 1285, aliiweka fungu jingine: huharibu akili, lakini si kwa ulevi wa mvinyo, basi mlaji hapigwi hadi, bali hutiwa adabu kwa kadiri ya busara ya kadhi. Hakuna kati yao aliyemruhusu mtu kulewa. Walichotofautiana ni fungu na adhabu, kwa kuwa walijua kwamba kukosea fungu ni kumdhulumu mja.

Serikali za leo nazo zimo katika mashaka hayo hayo. Uingereza iliishusha bangi daraja mwaka 2004, kisha ikaipandisha tena 2009, kinyume cha ushauri wa wataalamu wake wenyewe. Umoja wa Mataifa uliiweka mwaka 1961 katika fungu kali kabisa, pamoja na heroini. Desemba 2020, huko Vienna, iliondolewa katika fungu hilo kwa kura 27 dhidi ya 25, na Kenya ilikuwa miongoni mwa waliokataa. Sheria yetu ya 1994, ilipotungwa, ilimwekea kifungo cha miaka 10 mtu apatikanaye na bangi ya kutumia mwenyewe, na hadi leo mlango wa jela haujafungwa kwake.

Je, basi tufungue maduka? Hapo naachana na yule kijana wa barazani. Huko Kanada ni kweli kwamba watu wanaokamatwa wamepungua sana, na hilo ni jema. Lakini hospitali zao zimeona watoto wadogo wengi zaidi waliokula peremende zenye bangi. Wala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Mei 2024 magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta walipiga marufuku muguka kwa kuwahurumia vijana wetu. Serikali kuu ikasema marufuku hayo ni batili, kwani muguka ni zao linalotambuliwa na sheria, lina wakulima wake na kodi yake. Kitu kikishaingia katika biashara halali hupata watetezi, na kilio cha mzazi wa Pwani hakishindi mizani ya soko.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Duka lisifunguliwe, na mvutaji asitiwe jela. Mfanyabiashara anayewauzia watoto wetu na abanwe na sheria. Mvutaji apelekwe kwa tabibu, na kwa mwalimu atakayemrudisha msikitini bila ya kumfedhehesha. Dawa ya methadoni imekuwa ikitolewa Malindi tangu 2015 kwa watumiaji wa unga, nasi tumewaona waliosimama tena kwa miguu yao. Ikiwa aliyezama katika unga twamtafutia tiba, kwa nini mwenye misokoto miwili tumpeleke mahali atakapofundishwa huo unga?

Kijana wa jirani yangu sasa huenda kila asubuhi kunywa dawa yake. Ijumaa iliyopita alikaa safu moja nami, na baada ya sala akanipa mkono. Mamake bado hajanisemesha. Shairi langu lile nimelifuta daftarini. Na msomaji aliyelihifadhi namwomba alisahau.