Programu za Kompyuta ni Malezi, Si Jengo

Kila ifikapo mwezi wa Juni, Waheshimiwa Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi wanapojadili makadirio ya mwaka mpya wa fedha, masikio yetu sote huelekea kwenye barabara, skuli, hospitali na maji. Ni haki kabisa kuwa hivyo. Lakini lipo fungu jingine lisilozungumzwa sana, nalo hugusa riziki ya mwananchi kila siku. Hilo ni fungu la kutengenezea programu za kompyuta, katika makampuni, mashirika na maofisi ya Serikali.

Desturi iliyoenea duniani ni kuipangia programu fedha kana kwamba inajengwa nyumba. Huandikwa andiko refu, hukadiriwa gharama yote kwa mara moja, hupatikana mkandarasi, na hutajwa siku ya kukabidhi. Baada ya sherehe ya uzinduzi fungu hufungwa na mafundi hutawanyika. Kwa nyumba utaratibu huo una maana, kwani ukuta hauhitaji kupakwa upya kwa sababu tu kiwango cha kodi kimebadilishwa. Programu sivyo ilivyo. Sheria ikirekebishwa, simu za aina mpya zikiingia sokoni, au wezi wa mitandaoni wakigundua tundu, fundi hana budi kurudi kazini. Naye fundi yuko wapi? Mkataba wake ulikwisha mwaka juzi.

Anayelipa gharama ya kosa hilo si mhasibu. Ni mstaafu aliyetoka shamba kwa gari ya asubuhi, akafika dirishani na kuambiwa kwamba mtandao haupo, arejee kesho. Kesho hiyo nayo ina nauli yake.

Yafaa tuyatazame yaliyowafika wenzetu. Mwaka 2005 Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI, liliachana na mfumo wa majalada ya kesi uliokwisha kula kiasi cha dola milioni 170. Mwaka 2006 likatoa mkataba wa mfumo mwingine, ulioitwa Sentinel, na ahadi ilikuwa ukamilike mwaka 2009. Kufikia mwaka 2010, katika bajeti ya dola milioni 451, kiasi cha dola milioni 405 zilikuwa zimekwisha tumika, ilhali hatua mbili tu kati ya nne ndizo zilizokabidhiwa. Ndipo shirika lilipoichukua kazi mikononi mwake. Lilipunguza idadi ya mafundi, likaigawa kazi katika vipindi vya wiki mbili mbili, na likataka kila kipindi kiishie kwa kitu kinachoonekana kikifanya kazi. Mwezi wa Julai, 2012, Sentinel ilianza kutumiwa na shirika zima, na bajeti ile haikuvukwa.

Funzo lililomo humo ni wazi. Kazi haikuokolewa na nyongeza ya fedha. Iliokolewa na namna mpya ya kuzitoa fedha na kuipima kazi.

Wapo watakaotuuliza, nao wana haki ya kuuliza, iwapo kulipia programu mwaka hadi mwaka si sawa na kutia maji katika mtungi uliotoboka. Hazina ina wajibu wa kujua mwisho wa kila shilingi. Lakini tukumbuke kwamba fungu kubwa lililotolewa kwa mkupuo ndilo linaloficha hasara mpaka siku ya mwisho. Fungu dogo la miezi mitatu, likifuatwa na ukaguzi, huidhihirisha hasara ingali changa, na mwenye fedha akaweza kuizuia. Kwa hiyo tunachokitaka ni ulinzi mkali zaidi kuliko uliopo.

Kwa maoni yetu, mambo matatu yanafaa kuzingatiwa. Kwanza, matunzo ya programu yaingizwe katika matumizi ya kawaida ya kila mwaka, kama ilivyo mishahara na umeme, wala yasingojee mradi mpya. Pili, fedha zifuate kikosi cha mafundi wanaodumu na kuijua kazi, na zitolewe kwa awamu fupi. Kipimo cha kila awamu kiwe ni karani na mwananchi kuweza kuitumia programu hiyo. Wingi wa fedha zilizotumika kabla ya tarehe 30 Juni usihesabiwe kuwa ni mafanikio. Tatu, mikataba itamke waziwazi kwamba anayelipa ndiye mmiliki wa programu na maandishi yake yote, ili mkandarasi akiondoka asiondoke na ufunguo.

Haya si mageni kwetu sisi watu wa visiwani. Mwenye jahazi hatengi fedha za kuundia chombo pekee. Kila msimu hukipandisha pwani, akakikalafati na kukipaka deheni, kwani anajua kwamba chombo kisichotunzwa huzama na shehena ya watu. Wahenga walikwisha tuusia kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Tunawaomba wakuu wa mashirika na wanaotayarisha makadirio ya Serikali wauzingatie usia huo kabla hawajatia saini mkataba mwingine.