"WINO UMEKWISHA" SI JIBU!

Ndugu wanaushirika,

Msimu wa alizeti ukifika, maneno haya huzuka kwenye mizani: "Mama, gunia lako nimelipima, lakini wino umekwisha. Njoo kesho nikuandike." Sitaji mtu wala kituo. Anayewashwa ajikune mwenyewe.

Kesho ya nani? Kesho kilo 62 zimekuwa 56, na mama hana karatasi ya kubishania. Hiyo ni dhuluma. Kupe wa leo ananyonya kwa kalamu kavu!

Eti sababu ni nini? Eti katriji hazipatikani Misigiri. Katriji ni kile kichupa kidogo cha plastiki kinachokaa ndani ya kalamu ya wino. Haya, hazipatikani. Sasa je? Ndoo ikiisha maji unaitupa, au unarudi kisimani?

Katriji hujazwa, ndugu zangu. Itoe, ioshe kwa maji safi ya baridi. Chukua bomba la sindano jipya (lililokwisha kutumika kwa mgonjwa lisiguswe kabisa). Vuta wino wa chupa, shusha ncha mpaka chini ya katriji, sukuma polepole. Ichomeke tena ikae sawasawa, usubiri wino ushuke kwenye nibu. Chupa moja ya mililita 30 hujaza katriji fupi zaidi ya 35. Mdomo ukilegea ikaanza kuvuja, hapo ndipo uitupe.

Wino wenyewe uwe wa kalamu. Wa muhuri utaziba nibu. Na ule wa bluu unaofulika usiandikie daftari la mizani: tone moja la mvua, jasho la mkulima limefutika. Ulizeni wino usiofutika kwa maji. Ukikosekana Singida mjini, aagizwe anayekwenda Dodoma.

Wapo watakaosema: "Katibu, peni za kawaida zimejaa tele, za nini hizi za wino?" Peni zina kazi yake. Stakabadhi yenye kaboni iandikwe kwa peni, maana kalamu ya wino haikandamizwi, na nakala haitatoka. Vizuri! Karani awe na zote mbili, udhuru ufe. Penseli hapana. Penseli ina rafiki yake, raba.

Kwa hesabu za Serikali, mwaka 1967 watu wazima kama 67 katika kila 100 nchini hawakujua kusoma na kuandika. Kufika 1986 walibaki pungufu ya 10. Wazee wetu walikaa kwenye madawati ya watoto wao, si kwa urembo bali wasiibiwe tena. Mimi mwenyewe ni mtu wa kisomo cha watu wazima. Najua uchungu wa kuweka dole gumba kwenye karatasi usiyoweza kuisoma. Leo tunasoma, halafu tunyimwe cha kusoma?

Kwa hiyo nawaomba wanachama tupitishe mkutanoni:

1. Chupa ya wino na bomba lake viwe mali ya chama, viandikwe katika daftari la vifaa.

2. Karani ajaze kalamu asubuhi, kabla gunia la kwanza halijapanda mzanini.

3. Mkulima asiondoke bila stakabadhi. Akiambiwa "kesho", na gunia lake arudi nalo.

Kina mama, wazee, vijana: dai karatasi yako papo hapo. Si ugomvi, ni haki yako.

HAKUNA WINO, HAKUNA KUPIMA!
USHIRIKA NI NGUVU!

Katibu,
Misigiri